Meli ikigonga daraja, kosa ni la nani?

Huenda video ile umeiona. Ni usiku wa Machi 26, 2024, bandari ya Baltimore, Marekani. Meli ya kontena iitwayo Dali inakuja taratibu gizani. Taa zake zinazimika, zinawaka, zinazimika tena. Halafu inaigusa nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Nasema "inaigusa" kwa sababu kwenye video hakuna kishindo, na mwendo wenyewe ni wa kinyonga. Sekunde chache baadaye sehemu yote ya katikati ya daraja iko majini. Wanaume sita waliokuwa juu, mafundi wa kuziba mashimo ya barabara, wamekufa.

Kesho yake mitandaoni kila mtu alikuwa mpelelezi. Nahodha alilala? Walikunywa? Eti meli ilidukuliwa? Ukiyatazama vizuri, maswali hayo yote ni swali moja: nani alikuwa kwenye usukani? Ni swali la kawaida, hata ajali ya bodaboda tunaianza nalo. Ila ukisoma historia ya meli kugonga madaraja utakuta swali hilo linazaa majibu madogo sana. Lenye kuzaa ni lingine: nani alijua, na alijua lini? Twende nalo hilo.

Kwanza fizikia kidogo, usikimbie. Dali ina urefu wa karibu mita 300, na usiku ule pamoja na shehena ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 100,000. Iligonga ikiwa na mwendo wa takriban noti 6.5, yaani kilomita 12 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila haraka. Lakini nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mraba, na hapa tungamo ndilo linalotisha. Weka tani 100,000 na mita 3.3 kwa sekunde, unapata karibu megajuli 550. Lori la tani 30 linalokimbia kilomita 80 kwa saa lina megajuli 7 na kitu. Kwa hiyo ni kama malori 70 na ushee yamegonga nguzo moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Na daraja lile lilikuwa fremu ndefu ya chuma, vipande vyake vikitegemeana. Ukiitoa nguzo moja kubwa, huangushi kipande kimoja, unaangusha vyote vya katikati.

Breki je? Meli haina. Ina propela na ina usukani, ubao mkubwa ulio nyuma ya propela. Usukani hufanya kazi vizuri pale propela inapousukumia maji. Injini ikizima, maji hayo yanapungua, na hata ukiugeuza usukani wote meli inaitikia kwa uvivu. Nanga inasaidia, lakini nanga ya meli ya tani 100,000 inahitaji nafasi ya kuburura kabla haijashika. Dali haikuwa na nafasi. Umeme ulikatika ikiwa kilomita moja hivi kutoka darajani.

Ndani ya meli walikuwemo mabaharia 21, karibu wote Wahindi, na marubani wawili wa Maryland. (Rubani, kabla hajapanda ndege, alikuwa mtu wa baharini: mwenyeji anayejua kina cha maji na mikondo ya mahali, anayepanda meli ya mgeni na kuitoa salama.) Umeme ulipokatika, injini kuu ilizima yenyewe. Mabaharia waliurudisha umeme kwa mikono ndani ya dakika moja hivi. Ukakatika tena. Marubani waliamuru usukani ugeuzwe, nanga iteremshwe, na daraja lifungwe. Waliomba msaada wa tagi, lakini tagi zilizoitoa meli gatini zilikuwa zimeshaachia na kuondoka, kama ilivyokuwa desturi ya bandari ile. Kuanzia taa za kwanza kuzimika mpaka kugonga zilipita dakika nne hivi.

Kwa nini umeme ulikatika? Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza hadi Novemba 2025, na jibu lake linachekesha kwa huzuni. Ni waya mmoja. Meli kama ile ina maelfu ya nyaya, na kila waya una kibandiko kidogo cha plastiki chenye namba yake. Kibandiko cha waya mmoja kilikuwa kimevalishwa vibaya, kikaizuia ncha ya waya isiingie mpaka mwisho kwenye kiungio chake. Ukakaa umelegea. Ukaachia, breka ya umeme ikaruka, meli ikawa giza.

Sasa ukisikia hivyo, mkono unakimbilia kunyoosha kidole. Haya, fundi aliyevalisha kibandiko! Lakini subiri, maana umeme ulikatika mara mbili, na mara ya pili sababu ilikuwa nyingine. Jenereta zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa zinapata mafuta kupitia pampu ambayo haikukusudiwa kazi hiyo. Ilikuwa pampu ya kusafishia mabomba. Pampu halali za mafuta zinajiwasha zenyewe umeme ukirudi. Hii ya kusafishia ilikuwa inangoja mtu aje aiwashe. Umeme ulirudi, pampu haikurudi, jenereta zikakosa mafuta zikazima. NTSB ilisema wazi kwamba usimamizi wa kampuni iliyokuwa ikiendesha meli, Synergy, ulikuwa dhaifu kiasi cha kutogundua mtindo huo. Waya unaweza kuwa bahati mbaya ya fundi mmoja. Pampu ni mazoea, na mazoea yana ofisi.

Wengi hapa wangefunga faili: waya, pampu, kampuni. Ukweli ni kwamba hiyo ni nusu tu ya ajali. Nusu ya pili ilikuwa imesimama majini tangu 1977, mwaka daraja lilipofunguliwa, na kuielewa inabidi turudi nyuma.

Mwaka 1980 ulikuwa mbaya kwa madaraja. Usiku wa Januari 18, huko Sweden, meli Star Clipper ililigonga daraja la Almö lililounganisha kisiwa cha Tjörn na bara. Daraja likaanguka. Ilikuwa usiku, hapakuwa na taa za kuwasimamisha madereva, na magari yaliendelea kuja na kutumbukia moja baada ya jingine. Watu wanane walikufa. Waliokuwa melini waliyaona magari yakija na hawakuwa na njia ya kuyazuia.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya Mei 9, ikawa zamu ya Florida. Meli Summit Venture ilikuwa inaingia ghuba ya Tampa ikiwa tupu, kwenda kupakia fosfeti. Rubani aliitwa John Lerro. Walipokaribia kona ya mwisho kabla ya daraja la Sunshine Skyway, dhoruba iliwaangukia ghafla: mvua nzito, upepo mkali, radar ikawa haionyeshi kitu. Meli tupu inakaa juu ya maji, inashika upepo kama tanga. Mvua ilipopungua kidogo, daraja lilikuwa mbele ya omo. Karibu mita 400 za barabara zilianguka. Magari madogo, pikapu moja na basi la Greyhound vilitumbukia. Watu 35 walikufa, 26 kati yao wakiwa kwenye basi. Dereva mmoja tu kati ya walioanguka alipona: pikapu yake iligonga meli kwanza kabla ya kuzama.

Lerro aliandamwa. Jopo la wananchi la jimbo na uchunguzi wa walinzi wa pwani vilimwondolea hatia, lakini jina lake halikuachana na daraja lile mpaka alipokufa. Mimi nadhani ni haki kusema alibeba zaidi ya sehemu yake. NTSB ilitaja sababu kadhaa: dhoruba yenyewe, idara ya hali ya hewa kutotoa onyo kwa wanamaji, na rubani kuendelea na safari baada ya kupoteza macho na radar. Halafu ikaongeza mambo mawili ambayo magazeti hayakuyapa nafasi kubwa. Nguzo iliyogongwa haikuwa na kinga yoyote ya kupunguza kishindo au kuipotosha meli. Na darajani hapakuwa na namna ya kuwaonya wenye magari.

Yasome tena mambo hayo mawili, maana miaka 44 baadaye bodi hiyo hiyo iliyaandika kuhusu Baltimore karibu kwa maneno hayo hayo.

Na kuna la tatu la mwaka ule ambalo binafsi lilinikalisha chini. Agosti 29, 1980, miezi mitatu na nusu baada ya Tampa, meli ya kontena iitwayo Blue Nagoya ilipoteza uwezo wa kujiongoza ikiwa mita mia kadhaa kutoka kwenye daraja la Baltimore. Ikaenda kugonga nguzo. Ndiyo, daraja la Francis Scott Key lile lile. Uharibifu ulikuwa mdogo, daraja likasimama, maisha yakaendelea.

Kwa nini lilisimama 1980 likaanguka 2024? Kwa sababu meli hazikungoja. Blue Nagoya ilikuwa na urefu wa mita 120 hivi; Dali ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara kumi kwa uzito. Daraja lilipofunguliwa, meli kubwa za kontena duniani zilibeba kontena 3,000 hivi za futi 20. Dali inabeba karibu 10,000, na wala si kubwa kwa viwango vya leo. Bandari ikachimbwa, kreni zikarefushwa, gati zikapanuliwa. Nguzo zikabaki na vizuizi vinne vidogo vya zege vilivyowekwa kwa meli za zamani. Usiku ule Dali ilipita pembeni ya kizuizi, haikukigusa hata.

Sasa hapa ndipo swali la "nani alijua" linapouma. Baada ya Tampa wahandisi hawakulala. Mwaka 1991 chama cha wakuu wa barabara wa majimbo ya Marekani, AASHTO, kilitoa mwongozo wa kukokotoa hatari ya daraja kuangushwa na meli: unaweka idadi ya meli, ukubwa wake, umbo la mkondo, nguvu ya nguzo, unapata uwezekano wa kuanguka kwa mwaka, na unaulinganisha na kikomo kinachokubalika. Kuanzia 1994 madaraja mapya kwenye barabara kuu za taifa yalilazimika kusanifiwa kwa kuzingatia hatari hiyo. Ya zamani? Wenye nayo walihimizwa tu. Baltimore haikukokotoa. NTSB ilipofanya hesabu yenyewe baada ya ajali, ilikuta hatari ya daraja lile ilikuwa karibu mara 30 ya kikomo. Data zilizohitajika si za ajabu, ni meli ngapi zinapita na ni kubwa kiasi gani. Kazi ya wanafunzi wawili wa uhandisi na kompyuta moja, na wangemaliza kabla muhula haujaisha.

Utaniuliza, mbona basi sheria haikumkamata mwenye daraja mapema? Sheria ya bahari ina mantiki yake ya zamani, na ina akili. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya meli ya mvuke Oregon iliyogonga meli nyingine iliyokuwa imetia nanga, iliweka kanuni ambayo bado inatumika: chombo kinachotembea kikigonga kitu kilichosimama, kinachotembea ndicho kinachochukuliwa kuwa na kosa mpaka kithibitishe vinginevyo. Nani angebisha? Nguzo haiwezi kukwepa. Lakini angalia inavyoathiri fikra. Mwenye meli anaanza akiwa mshtakiwa, mwenye nguzo anaanza akiwa mhanga. Daraja lililoachwa uchi kwa miaka arobaini linaonekana kama ng'ombe aliyegongwa akiwa zizini.

Mwenye meli naye ana mlango wake wa kutokea. Mwaka 1840 meli ya mvuke Lexington iliungua karibu na New York, ikazama na watu wengi na fedha za benki. Mahakama Kuu ikaamua mwenye meli ailipe benki. Wenye meli wakalalamika kwamba biashara itakufa, na wenzao Waingereza walikuwa na kinga ya namna hiyo tangu 1734. Bunge likawasikiliza, ikaja sheria ya 1851: mwenye meli ambaye hakushiriki wala kujua kosa lililoleta ajali atalipa mwisho kiasi cha thamani ya meli ilivyo baada ya ajali, pamoja na nauli ya safari ile. Umeona ajabu yake? Kadiri meli inavyoharibika ndivyo anavyodaiwa kidogo. Wenye Titanic waliitumia. Kilichobaki cha Titanic kilikuwa boti za kuokolea, na pamoja na nauli kikomo walichodai kilikuwa dola 92,000 hivi.

Aprili 1, 2024, siku sita baada ya daraja kuanguka na kabla miili yote haijapatikana, wenye Dali, Grace Ocean, pamoja na Synergy walikwenda mahakamani na sheria hiyo hiyo. Hesabu yao: meli ilikuwa na thamani ya dola milioni 90, toa milioni 28 za matengenezo, toa milioni 19.5 za uokoaji, ongeza milioni 1.17 za nauli. Dola milioni 43.67. Hiyo ndiyo ingekuwa bakuli moja la kugawana familia sita, majeruhi, jimbo, wafanyabiashara, kila mtu. Bima ya daraja peke yake ililipa dola milioni 350. Serikali ya shirikisho ilifungua madai yake ya gharama za kusafisha mkondo na Oktoba 2024 ikakubali kulipwa karibu dola milioni 102. Na makadirio ya kujenga upya, yaliyoanzia chini ya bilioni 2, yamefika kati ya bilioni 4.3 na 5.2.

Lakini soma tena masharti ya kinga: ambaye hakushiriki wala kujua. Sheria ya 1851, pamoja na uzee wake wote, imeshika swali sahihi. Kesi ya namna hii haigeuki kwenye waya. Inageuka kwenye pampu, kwa sababu pampu ndiyo inayouliza ofisi ilijua nini. Hata Tampa iliamuliwa hivyo. Wenye Summit Venture waliomba kikomo, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliwanyima, kwa kuwa walishindwa kuonyesha kwamba mapungufu ya mabaharia wao yalikuwa mambo wasiyoyajua. Rubani alisafishwa, ofisi ikalipa. Huo ni uamuzi ambao ningependa ujulikane kuliko picha ya gari lililosimama ukingoni mwa shimo, ambayo kila mtu anaikumbuka.

Swali hilo la kujua linaulizwa upande wa meli. Upande wa daraja halina sheria ya kulisukuma. Mtu wa kumuuliza ni yupi? Mkurugenzi wa 1980 aliyeona Blue Nagoya ikigonga na nguzo ikisimama? Wa 1991 aliyepokea mwongozo? Wa mwaka bandari iliposherehekea kreni mpya? Kosa limegawanywa vipande vidogo kwa miaka mingi mpaka hakuna kipande kinachotosha kumtia mtu aibu. Usukani una mikono ya mtu mmoja usiku mmoja, ndiyo maana tunaupenda.

Nirudi kwa wale sita, kwa sababu hapa pana jambo linaloniudhi kuliko waya na kuliko sheria. Walikuwa wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador. Marubani walipotoa taarifa, polisi walifanya kazi nzuri sana: ndani ya sekunde chache walisimamisha magari pande zote mbili, na ndiyo sababu hakuna hata dereva mmoja wa kawaida aliyekufa. Somo la Tjörn na Tampa, kuhusu kuwazuia wanaokuja, lilikuwa limeeleweka. Lakini juu ya daraja palikuwa na kikosi cha mafundi saba na mkaguzi mmoja. Mafundi walikuwa mapumzikoni ndani ya magari yao. Hakuna aliyewaambia. Polisi mmoja alikuwa anasubiri mwenzake afike ashike nafasi yake ndipo aende kuwachukua. NTSB ilikokotoa muda, ikasema kwamba kama wangearifiwa wakati ule ule polisi walipoarifiwa, huenda wangewahi kuendesha mpaka sehemu ya daraja ambayo haikuanguka. Mkaguzi alikimbia akapona. Fundi mmoja alitoka majini akiwa hai.

Simu moja. Walikuwa na simu, walikuwa na magari, kulikuwa na zaidi ya dakika moja. Kilichokosekana ni mtu aliyepangiwa mapema kazi ya kuwapigia. Hilo halihitaji zege wala mabilioni, linahitaji karatasi yenye namba na jina la mwenye zamu. Hobart, Australia, walijifunza kwa njia ngumu: Januari 5, 1975 meli Lake Illawarra iliangusha sehemu ya daraja la Tasman, watu 12 wakafa, mabaharia saba na wenye magari watano. Nahodha alifungiwa cheti miezi sita. Daraja lilipofunguliwa tena 1977 haikuishia kwa nahodha. Mpaka leo, meli kubwa ikipita, magari yanasimamishwa kwanza. Madereva wanalalamika foleni, meli inapita, wanaendelea.

Na mabaharia wa Dali? Wengi walibaki ndani ya meli kwa wiki nyingi baada ya ajali, simu zao zikiwa zimechukuliwa na wapelelezi wa FBI. Mei 13, wahandisi walipolipua vyuma vya daraja vilivyolala juu ya omo, mabaharia walikuwa bado humo humo ndani. Baharia wa kawaida ndiye wa kwanza kuzuiwa, siku zote.

Huku kwetu jambo hili si hadithi ya mbali kama linavyoonekana. Pale Likoni, Mombasa, kila meli inayoingia Kilindini inapita mlango ule ule unaokatwa na feri kutwa kucha. Kenya ina mpango wa muda mrefu, kwa ushirikiano na Japani, wa kujenga daraja refu la kebo juu ya mlango huo. Mazungumzo mengi ya daraja la namna hii huwa juu ya urefu wake kwenda juu, kama meli itapita chini, na juu ya gharama. Ukipata nafasi ya kuwauliza wahandisi, uliza pia nguzo zitasimama wapi: nchi kavu, kwenye kina kifupi ambako meli itakwama kabla ya kuzifikia, au kwenye maji marefu? Na uliza meli waliyoiweka kwenye hesabu ni ya mwaka gani. Daraja huishi miaka mia. Meli inayoingia Kilindini leo si ile ya 1980, na ya 2080 haijachorwa bado.

Florida walipojenga Sunshine Skyway mpya, iliyofunguliwa 1987, waliweka nguzo kuu mbali zaidi, wakazizungushia vizuizi 36 vikubwa vya zege vinavyoanza kuipokea meli kabla haijafika nguzoni. Baltimore nao wanajenga la kebo, nguzo zikiwa mbali zaidi na mkondo na zenye kinga kubwa, wakitarajia kulifungua 2030. Kwa madaraja mapya mambo yanaeleweka. Ya zamani ndiyo mtihani. Machi 2025 NTSB ilitoa orodha ya madaraja 68 katika majimbo 19, yaliyojengwa kabla ya mwongozo wa 1991, yenye meli kubwa chini yake na ambayo hesabu ya hatari haijulikani. Yamo Golden Gate na Brooklyn. Limo pia daraja la ghuba ya Chesapeake, mali ya mamlaka ile ile iliyokuwa na daraja la Francis Scott Key. Kila meli inayotoka Baltimore kuelekea kusini inapita chini yake. Dali, kama waya ule ungekaa mahali pake, ingelifikia kabla hakujapambazuka.